Tupeane uzoefu: seva iliyokukwamia katikati ya kupandisha toleo

#1 – Mwanzisha mada

Wakuu, habari za jioni. Naomba kila aliyewahi kukwama akisasisha vifurushi vya programu kwenye mfumo endeshi wa Linux au jamaa zake aeleze hapa kilichompata na alivyojinasua, hata kama kosa lilikuwa lake mwenyewe. Naanza na langu.

Nilikuwa nikipandisha seva ya ofisi kutoka Debian 11 kwenda Debian 12 (Debian ni mojawapo ya mifumo ya Linux), nimeunganishwa kwa ssh, yaani naiendesha kwa mbali, kupitia intaneti ya simu, bando likaisha wakati dpkg, programu inayosakinisha vifurushi, iko katikati ya kazi. Niliponunua bando jingine na kurudi, apt, programu inayopakua vifurushi na kuiita dpkg, ilikataa kuanza, ikieleza kwamba kufuli (faili linalozuia kazi mbili kwa wakati mmoja) la `/var/lib/dpkg/lock-frontend` limeshikwa na mchakato namba 2214. Badala ya kumchungulia kwanza huyo 2214 kwa `ps`, amri ya kuonyesha michakato inayoendelea, nilifuta faili hilo pamoja na mwenzake `/var/lib/dpkg/lock`, nikaanzisha kazi upya. Kumbe ule mchakato wa kwanza ulikuwa hai, umetulia unasubiri nijibu kama nabakiza faili langu la mipangilio au nachukua jipya. Zikawa dpkg mbili zinaandika kwenye daftari moja, na `/var/lib/dpkg/status`, ambamo kila kifurushi huorodheshwa, likaharibika.

Kilichoniokoa ni nakala ambayo Debian huiweka yenyewe katika `/var/backups` kwa jina la `dpkg.status.0`. Kwa kuwa ilichukuliwa kabla sijaanza, haikujua lolote kuhusu vifurushi vilivyokwisha kubadilishwa, hivyo baada ya kuirudisha nililazimika kurudia `apt full-upgrade` tangu mwanzo, na kukapambazuka nikiwa bado kwenye kiti. Siku hizi siigusi seva ya mbali kabla ya kufungua `tmux`, maana kazi iliyo ndani yake huendelea hata mtandao ukikatika.

#2

Pole sana, mkuu. Mimi niliponzwa na kizigeu cha `/boot`, sehemu ya diski yenye faili za kuwashia mfumo, kwenye Ubuntu, jamaa ya Debian. Kila nilipojaribu kusasisha, mstari wa mwisho ulikuwa uleule: dpkg imerudisha kosa namba 1. Nilihangaika na mstari huo siku mbili, ilhali hausemi chochote zaidi ya kwamba kuna jambo limeshindikana huko juu. Nilipofungua `/var/log/apt/term.log` na kupanda taratibu, nikakuta sababu yenyewe: nafasi ya diski imekwisha wakati initramfs (faili la kusaidia kuwasha mfumo) ya keneli (kiini cha mfumo) mpya inatengenezwa. `df -h /boot` ikaonyesha asilimia 100, kwa kuwa keneli za zamani zilikuwa zimerundikana humo.

Hata `apt autoremove`, amri ya kuondoa vifurushi visivyohitajika tena, iligoma, ikidai nirekebishe kwanza kilichovunjika. Basi nikatazama keneli inayotumika kwa `uname -r`, nikaondoa mbili kuukuu kwa `dpkg --purge`, na `apt --fix-broken install` ikamalizia yenyewe. Angalizo kwa wageni: ukiiondoa ile inayotumika, utalia.

#3

Sisi wa FreeBSD, mfumo endeshi mwingine wa jamii ya Unix, tuna yetu. Nilitoka 13 kwenda 14, na katika hatua ya mwisho `freebsd-update install` ikafuta maktaba za zamani (faili za msimbo zinazotumiwa na programu nyingi), kama inavyotakiwa. Kosa langu ni kwamba nilikuwa sijasakinisha upya vifurushi, ambavyo bado viliitegemea `libssl.so.111`, sehemu ya OpenSSL (maktaba ya usimbaji) ya zamani, na toleo la 14 limehamia OpenSSL 3. Programu moja baada ya nyingine ikagoma kuwaka, na `pkg` yenyewe, programu ya kusakinisha vifurushi, ambayo ndiyo ingenisaidia, ikawa miongoni mwa zilizogoma.

Dawa ilikuwa `pkg-static`, ambayo hubeba ndani yake kila inachohitaji: `pkg-static install -f pkg`, kisha `pkg upgrade -f`. Dakika kumi tu, baada ya saa tatu za kutapatapa.

#4

Ndugu wa #1, hukutaja PostgreSQL, ile programu ya hifadhidata, nawe umepita njia hiyohiyo. Mimi baada ya kufika Debian 12 niliona toleo la 15 limeingia, nikaielekeza programu yetu ya stoo huko, na ghala lote likaonekana tupu. Mhasibu alinipigia simu mara nne kabla sijafikiria kuandika `pg_lsclusters`, amri ya kuorodhesha hifadhi za PostgreSQL zilizopo. Hapo nikaona hifadhi mbili: ya toleo 13 kwenye mlango (port) 5432, data zote zikiwa salama, na 15 kwenye 5433, haina kitu.

Debian haihamishi data yenyewe. Nilichukua nakala kwa `pg_dumpall`, nikaondoa ile tupu kwa `pg_dropcluster --stop 15 main`, nikiisoma hiyo 15 mara tatu kabla ya kubonyeza, kisha `pg_upgradecluster 13 main`.

#1 – Mwanzisha mada

Mkuu wa #4, nimeendesha `pg_lsclusters` sasa hivi baada ya kukusoma. Nami ninazo mbili, na ofisi nzima bado iko kwenye 13. Nakala ya `pg_dumpall` inaendelea kuchukuliwa, ndani ya `tmux`.