MJADALA: Cc 50 ni cc 50? Mtoto wa miaka mitano na tu-stroki ya mashindano

Mleta mada:
Wakuu habari zenu. Naomba hili tulijadili bila matusi. Motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye vumbi na matuta, ipo hapa kwetu Afrika Mashariki, Nairobi wanakimbizana pale Jamhuri Park, Uganda wana Garuga upande wa Entebbe, na kuna daraja la watoto wadogo kabisa, vipikipiki vya cc 50 (ndio ukubwa wa injini), vingi ni tu-stroki, zile injini zinazochoma oili pamoja na petroli. Sasa shemeji yangu yupo Nairobi, ana kijana wa miaka mitano, hajawahi kupanda chochote zaidi ya baiskeli, anataka amnunulie KTM 50 SX, pikipiki ya mashindano ya watoto, moja kwa moja, kisa ati "cc 50 ni cc 50". Mimi nimemkatalia na tumenuniana mpaka leo.

Chukua Yamaha PW50. Nayo ni cc 50, nayo ni tu-stroki, haina gia ya kukanyaga wala klachi ya mkono, sawasawa na KTM. Lakini PW50 ipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 80 na karibu iko vilevile, kiti hakifiki nusu mita toka chini, tairi la nyuma linazungushwa na shafti sio cheni, na pale kwenye eksileta kuna skrubu, mzazi ukiikaza mtoto havuti mpaka mwisho hata alie. Hiyo KTM ina rejeta ya maji, breki za diski, shokapu ndefu za kurukia matuta, yaani imetengenezwa ishinde. Kwangu mimi kupanga watoto kwa cc peke yake ni kujidanganya, mashine ya kujifunzia na ya mashindano zitenganishwe. Mnasemaje?

Mama Wawili:
Mnabishania skrubu wakati mtoto mwenyewe hajajua kufunga kamba za viatu. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani msimamo wao ni kwamba chini ya miaka 16 mtoto asiendeshe hivi vyombo vya moto vya porini, na wao ndio wanaowaona wakiletwa wamevunjika. Sisi huku tunaona raha kumrekodi na simu. Acheni watoto wacheze mpira jamani.

Mleta mada:
Dada nakuheshimu, na sikatai kwamba wanaumia. Ila kuzuia kabisa nako kuna mambo yake. Haohao Marekani walipitisha sheria 2008 kuhusu madini ya risasi kwenye vitu vya watoto, ilipoanza kubana Februari 2009 maduka yakaondoa pikipiki za watoto, maana kuna vipuri vyenye risasi (kama kuna mtoto analamba kabureta basi sijui). Waliopinga hoja yao kubwa ilikuwa kwamba mzazi akikosa ndogo atampa mtoto kubwa. Mwaka 2011 ikabidi warekebishe. Baba aliyekwisha kuamua humzuii, unachoweza ni kumwambia aanze na ipi.

Fundi wa Mtaa:
Tu-stroki mnaionea bure. Haina valvu za kuseti, ni nyepesi, pistoni na ringi unabadilisha juu ya meza unakunywa chai, mtu yeyote aliyekulia na Vespa kule Zanzibar au zile Yamaha za mabwana shamba anajua ninachosema. Fo-stroki ya mtoto ni pole ndio lakini ukiilinganisha ni nzito, ikimwangukia haiinui.

Tatizo lipo kwa wazazi na oili. Kuna baba aliniletea kapikipiki anasema "kanamrusha mwanangu". Nafungua plagi, nyeusi tii, imelowa. Kumbe mwongozo unataka oili moja kwa petroli sitini, yaani kama mililita 17 kwenye lita ya petroli, yeye anamimina mara mbili ya hapo "injini isife". Sasa eksileta ikiwa chini injini inakohoa haiendi, mtoto anavuta tu, anavuta, halafu ghafla inajisafisha, ile klachi ya otomatiki inashika yote kwa mpigo, na mtoto akishtuka mkono haulegezi, unakaza! Hapo ndo mnaona kapikipiki kanaenda peke yake uzioni. PW50 ina tenki la oili la pembeni na pampu inachanganya yenyewe, kwa hiyo baba hana pa kuharibu. Kwa hilo naungana na mleta mada, ila ile kamba ya kuzimia injini inayofungwa mkononi iwe lazima kwa zote, ya kujifunzia na ya mashindano.

Chaji Full:
Mbona hamtaji umeme? KTM wenyewe wana pikipiki ya umeme ya watoto, SX-E 5, kiti unashusha au unapandisha kulingana na urefu wa mtoto, na nguvu unachagua kiwango, cha chini kwa anayejifunza. Hakuna moshi, hakuna oili, majirani hawapigi simu polisi. Huu ubishi wote umeisha hapo.

Fundi wa Mtaa:
Haujaisha mkuu, betri ikifa usiniletee mimi.

Mama Wawili:
Haya tuseme mmeshinda. Siku ya mashindano nani atahakikisha hiyo skrubu haijalegezwa? Maana nyie wababa nawajua, asubuhi imekazwa, saa nne mtoto akiwa wa mwisho mnakimbilia bisibisi.

Mleta mada:
Hahaha dada hapo umenipata pabaya. Lakini inawezekana, helmeti zinakaguliwa kabla ya mbio, basi mkaguzi huyohuyo aweke alama ya rangi kwenye skrubu, mbio zikiisha aangalie tena, rangi ikiwa imepasuka matokeo yanafutwa na baba anakaa nje mbio zinazofuata. Mtoto aachwe, yeye hakushika bisibisi. Kuhusu umeme, Chaji Full, weka bei rejareja ya Nairobi hapa nimpelekee shemeji, kama hajani-block.