Mishipa iliyovimba miguuni: kuvutwa kwa upasuaji, leza au sindano ya povu?

MamaMitumba, Kisumu

Hamjambo wanajukwaa. Nauza mitumba soko la Kibuye, kazi ya kusimama kutwa. Mguu wangu wa kushoto umetoa mishipa iliyojisokota kama kamba, kuanzia ndani ya goti kushuka hadi karibu na kifundo. Ikifika jioni mguu ni mzito, unawaka, na soksi ikivuliwa alama yake haitoki haraka. Sasa ngozi ya juu ya kifundo imeanza kuwa ya kahawia na inawasha.

Daktari amesema nifanyiwe upasuaji mshipa uvutwe utolewe. Jirani ananiambia nisikubali kisu, niende Nairobi kwa leza. Shemeji naye anasema sindano inatosha. Aliyepitia mojawapo anilinganishie, tafadhali. Watoto wananitegemea na siwezi kufunga kibanda muda mrefu.

Mwalimu_Ahero

Pole sana mama. Mimi nilivutwa mshipa, mguu wa kulia. Nililazwa usingizi kabisa kwa nusukaputi, ingawa mwenzangu wa kitanda cha pili alichomwa sindano ya mgongo, akawa macho. Walipasua kidogo kwenye kinena, wakafunga mshipa pale unapoingia kwenye ule mkubwa wa ndani, wakapitisha waya hadi chini kidogo ya goti, wakauvuta wote. Yale mafundo ya kwenye shavu la mguu yaliondolewa kwa vitundu vidogo ambavyo havikuhitaji hata nyuzi.

Jioni ile ile manesi walinisimamisha nitembee. Paja lilikuwa la zambarau, baadaye kijani, kisha njano, na kuna uvimbe mgumu niliouhisi chini ya ngozi kwa wiki kadhaa. Nilirudi darasani baada ya wiki tatu hivi. Kilichobaki ni kasehemu ka ganzi upande wa ndani wa muundi. Uzito ule wa jioni umekwisha, na ningekubali tena.

Nesi_Zamu, Eldoret

Mama, kabla ya kuchagua, uliza kitu kimoja: umepimwa altrasaundi ya dopla, ile picha inayoonyesha damu inavyopita mshipani? Nisikilize hapa, maana watu wengi wanagombania mbinu kabla ya kujua mshipa upi unavuja.

Ndani ya mishipa inayorudisha damu moyoni kuna vilango vinavyozuia damu isirudi chini. Vikilegea, damu inashuka na kutuama, mshipa unapanuka, nao unaonekana nje. Unayoyaona kwenye shavu la mguu mara nyingi ni matawi tu. Chanzo kinaweza kuwa mshipa mrefu wa upande wa ndani, unaopanda kutoka kifundo hadi kinenani, au ule mfupi wa nyuma unaoishia karibu na goti. Ukitolewa matawi huku chanzo kikiachwa, yatarudi. Dopla hupimwa ukiwa umesimama, mpimaji akiminya shavu la mguu na kuachilia, aone damu inarudi nyuma au la. Ndiyo pia inayoonyesha kama mishipa ya ndani kabisa ni mizima na haina donge la damu. Ukipimwa ukiwa umelala tu, omba urudiwe.

Sasa ulinganisho. Leza na mawimbi ya redio ni ndugu: waya mwembamba unaingizwa kwenye mshipa kupitia tundu la sindano, dawa ya ganzi ya majimaji inadungwa kuuzunguka mshipa mzima, kisha joto linauziba kutoka ndani. Ile ya mawimbi ya redio hufikia nyuzi joto 120. Mshipa hautolewi, unabaki na kunyauka. Unatembea kwenda nyumbani siku hiyo hiyo, na wengi hurudi kazini mapema kuliko waliovutwa. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2013 unaweka njia hii ya joto kwanza, povu la pili, upasuaji wa tatu.

Lakini msielewe kwamba upasuaji ni njia mbaya. Ukifanywa na mpasuaji aliyeizoea kazi hiyo, unaondoa tatizo vizuri, na mshipa uliopinda sana usiopitisha waya wa leza unaweza kuhitaji kisu. Ganzi ya Mwalimu inajulikana: chini ya goti kuna neva inayoambatana na mshipa, ndiyo maana siku hizi wanaishia kuvuta usawa wa goti.

Povu ni dawa inayokorogwa na hewa na kudungwa ili kuta za mshipa zigandane. Ni rahisi, haina nusukaputi, ila kwenye mshipa mkubwa unaweza kufunguka tena ukahitaji kurudia, na ngozi inaweza kubaki na mstari wa kahawia.

Kwa ngozi yako hiyo ya kahawia, mama, usichelewe kutibiwa. Hiyo ni dalili kwamba kidonda kinaweza kufuata.

Dereva_Nakuru

Swali kwa Nesi. Mshipa ukitolewa, damu itapitia wapi? Hilo ndilo linanitisha mimi.

Nesi_Zamu, Eldoret

Kaka, damu nyingi ya mguu, kama sehemu tisa kwa kumi, hupita kwenye mishipa ya ndani ya misuli. Huu wa juu ulioharibika ulikuwa unairudisha chini. Ndiyo maana nimesisitiza ile ya ndani ipimwe kwanza.

Shambani_Kakamega

Naongezea kuhusu kidonda. Mama yangu alikaa na kidonda juu ya kifundo muda mrefu, tukibadilisha bandeji tu. Mganga mmoja kijijini alitaka kumchanja atoe damu mbaya, tukakataa. Mshipa uliofura ukichanjwa unaweza kutoa damu nyingi sana. Ikitokea, mlaze mgonjwa, inua mguu juu kuliko moyo, bonyeza kwa kitambaa safi bila kuachia, mkimbilieni hospitali.

Daktari alitueleza utafiti wa Uingereza uliotoka 2018: waliozibwa mshipa mapema huku wakifungwa bandeji za kubana walipona kidonda kwa takriban siku 56, wenzao waliocheleweshwa takriban siku 82. Mama alizibwa, kidonda kikafunga. Natamani tungelijua hilo mapema.

MamaMitumba, Kisumu

Asanteni sana. Dopla sijapimwa, nitaomba wiki hii. Nikienda Nairobi kwa leza, naweza kurudi Kisumu na basi siku hiyo hiyo? Na soksi za kubana ninunue tayari? Nina kisukari.

Mwalimu_Ahero

Kuhusu gharama, mama, omba hesabu yote pamoja: mpasuaji, dawa ya usingizi, chumba cha upasuaji, dopla ya kurudia na soksi. Na uliza dawati la SHA, bima ya afya ya serikali, hospitalini kabla ya kulazwa, si siku ya kutoka.

Nesi_Zamu, Eldoret

Basi la zaidi ya kilomita 300 ukiwa umeketi bila kunyoosha mguu halifai siku hiyo, kwa sababu ya hatari ya donge la damu. Lala kwa ndugu Nairobi, tembea, usafiri kwa tarehe atakayokupa daktari, na mkisimama njiani ushuke utembee. Kama unatumia vidonge vya kupanga uzazi, mwambie daktari. Shavu la mguu likivimba na kuuma baada ya matibabu, au ukibanwa kifua na pumzi, nenda dharura papo hapo.

Soksi usinunue bado. Kwa sababu ya kisukari, mishipa inayopeleka damu chini ipimwe kwanza kwa kulinganisha presha ya kifundo na ya mkono. Kama damu haifiki vizuri vidoleni, soksi ya kubana itaumiza mguu. Ikionekana sawa, zipimwe kwa mzingo wa kifundo na shavu la mguu wako asubuhi, kabla mguu haujavimba, uzivae kabla ya kwenda Kibuye na kuzivua ukilala.

MamaMitumba, Kisumu

Nimeelewa dada. Jumatatu naenda kuomba vipimo vyote viwili, cha dopla na hicho cha presha ya kifundo. Majibu nitayaandika hapa mniambie.