"Taa ni taa tu"?! Huyu mtu anyang'anywe kibodi leo hii

GizaTotoro:
Wakuu, nimeshindwa kuvumilia. Mdau kauliza swali la maana kabisa: ana enlaja (mashine ya chumba cha giza ya kukuza picha kutoka kwenye negativu hadi kwenye karatasi) ya negativu za inchi 4×5, kichwa cha taa hakina, anatafuta cha kununua au namna ya kujenga mwenyewe. Kabla hajapata jibu hata moja akatokea yule bwana. Mnamjua, sina haja ya kumtaja, hakuna uzi asioingiza pua. Akaandika maneno manne: "Taa ni taa tu." Halafu emoji ya kucheka. Basi, akaondoka zake.

Taa ni taa tu! Kwa hesabu hiyo tulifunge jua kamba, tulining'inize juu ya enlaja, kazi iendelee.

Negativu ya 4×5 ni takriban milimita 102 kwa 127. Eneo lote hilo linatakiwa lipate mwanga ulio sawa, na lenzi yenyewe tayari inapunguza mwanga kwenye pembe. Ukiweka balbu ya sebuleni unapata duara kali katikati, na kwenye karatasi katikati kunaungua huku pembe zimepauka. Kama enlaja ni ya kondensa, yaani lenzi nene za kukusanya mwanga juu ya negativu, ndiyo kabisa. Zile kondensa zilikusudiwa balbu ya maziwa inayong'aa sawasawa, zile PH211 za wati 75 na PH212 za wati 150, na bado balbu au kondensa husogezwa mpaka mwanga ujae kulingana na lenzi. LED ya nyumbani ni kibati chenye vipunje ndani ya kofia ya plastiki, na nusu nyingine ya balbu haitoi mwanga wowote. Kondensa inamwaga mwanga huo ovyo ovyo.

Na rangi je? Karatasi ya multigredi, ile ambayo kontrasti yake (gredi, kutoka laini hadi kali) hubadilishwa, inaongozwa na rangi ya mwanga. Buluu ya karibu nanomita 450 inaleta kontrasti kali, kijani cha karibu 525 kinalainisha. Balbu yenye mwanga wa njanonjano ina buluu kidogo, kwa hiyo ukiweka filta ya majenta ya gredi 5 muda unarefuka na kontrasti haifiki. Tyubu za zamani za taa za enlaja za kampuni ya Aristo, W45, zilikuwa na tatizo la kinyume: buluu imezidi, watu wakalazimika kuweka filta ya njano yenye nguvu ya 40 ili gredi laini zipatikane, mpaka ikaja tyubu ya V54. Watu wamehangaika na jambo hili miaka nenda rudi, halafu mtu anakuja na maneno manne. NA EMOJI YA KUCHEKA.

MsukaWaya:
Punguza povu mkuu, skrini yote imelowa. Kwa yule aliyeuliza, jenga hivi.

Bapa la aluminiamu la milimita 150 kwa 180, unene 3. Panga LED za wati 1 kama drafti, buluu ya 450 na kijani cha 525, umbali wa milimita 20 kati ya kitovu na kitovu. Safu 8 kwa 9 ni LED 72, yaani 36 za kila rangi. Ziunge mistari ya LED 12, mistari 3 kwa kila rangi. Mstari mmoja utataka volti 36 hadi 40. Usiunge mistari mitatu pamoja kwenye draiva moja (kifaa cha kulisha LED umeme) ukadhani itagawana sawa. Mmoja utakula zaidi, utapata joto, utakula zaidi tena, na upande huo wa picha utakuwa tofauti. Kila mstari na draiva yake, ya mkondo usiobadilika. Miliampea 150 zinatosha, jumla haitafika hata wati 40.

Difyuza, yaani kitu cha kutawanya mwanga, ni akriliki (plastiki ngumu) nyeupe ya maziwa ya milimita 3, iwe milimita 50 kutoka kwenye LED. Kuta za boksi paka rangi nyeupe isiyong'aa. Kati ya difyuza na negativu acha nafasi ya milimita 15 hivi, maana ukiilaza juu ya negativu kila punje ya vumbi iliyo kwenye akriliki inaonekana kwenye picha.

Pembe_Nne:
Nyongeza kwa MsukaWaya: pembeni ongeza mwanga. Ukipanga LED kwa nafasi sawa bapa zima, pembe zitakuwa hafifu, kwanza kwa sababu hazina majirani pande zote, pili kwa sababu ya lenzi. Safu ya nje isogeze iwe milimita 15 badala ya 20, au zipe zile za pembe mkondo zaidi.

Kupima: toa negativu, weka tundu la lenzi f/8 au f/11, washa buluu peke yake ili karatasi iwe kwenye kontrasti kali kabisa, piga mwanga kwenye karatasi mpaka upate kijivu cha katikati. Hapo kila kasoro inajitangaza. Kisha geuza kichwa cha taa nyuzi 180 urudie. Doa likihama na kichwa, tatizo ni taa. Likibaki palepale, ni lenzi au enlaja haijakaa sawa. Usipime kwa macho kwenye ubao, jicho linasamehe kila kitu.

GizaTotoro:
Nashukuru sana, lakini mmeiona ile emoji? Mtu anauliza kwa adabu, anajibiwa "taa ni taa tu" na anachekwa juu yake!

Kirai_Tu:
Mleta uzi umeumizwa na emoji kuliko na giza. 😂 Na wewe ndiye umeliandika hilo neno mara nyingi kuliko yeye, sasa hata wasiomjua wamelikariri.

Mimi nina hasira na wale wa "weka tableti", wanaotaka skrini yake iwe taa ya enlaja. Tableti mwanga wake ni kiduchu, ukifunga lenzi f/16 unahesabu dakika, si sekunde. Ukiilaza karibu na negativu, nukta za skrini zinachapika kwenye picha, na ukiiinua ili nukta zipotee, mwanga mwingi unatawanyika pembeni kabla ya kufika kwenye negativu. Tena skrini nyingi hazizimi nyeusi kabisa, zinavuja.

Nuru_Hafifu:
Hilo la kuvuja ndilo muhimu na hakuna anayelisema. LED inahitaji umeme kidogo mno ili kuwaka. Taima ya kuwasha na kuzima enlaja, ikiwa na swichi ya kielektroniki, huacha umeme kidogo upite hata ikiwa imezimwa. Balbu ya zamani haijali, LED inabaki na mwanga ambao hutauona mpaka macho yazoee giza. Karatasi inauona. Tumia taima yenye relei (swichi inayoachanisha waya kabisa), na umeme ukatwe kati ya draiva na LED, siyo upande wa ukutani, maana kapasita ya draiva inaendelea kulisha LED baada ya kuzima.

Jipime: zima kila kitu, weka karatasi chini ya lenzi iliyo wazi kabisa, weka sarafu juu yake, acha dakika 5, isafishe karatasi kwa dawa. Ukiona duara la sarafu, mwanga unavuja.

GizaTotoro:
Kwa hiyo taa SI taa tu. Mmemthibitishia.

Fundi_Mvukuto:
Mnaongelea taa wakati watu wanafunga feni moja kwa moja kwenye kichwa cha taa! Enlaja inatetemeka, picha inatoka imetikisika, wanalaumu lenzi. Mimi hili ndilo linaniudhi kuliko emoji zote. Feni itundikwe ukutani na ipulize kupitia bomba laini, au isiwepo kabisa.

MsukaWaya:
Wati 40 hazihitaji feni. Funga bapa lenye mapezi nyuma ya aluminiamu, tia grisi ya kupitisha joto katikati, imetosha. Ukibana joto, mwanga wa LED unapungua taratibu na picha ya kwanza haitalingana na ya tano kwa muda uleule.

Fundi_Mvukuto:
Za kwako sawa. Kuna watu wanafunga moduli ya wati 100 katikati ya boksi, moja tu, halafu wanashangaa joto na doa la katikati.

Kirai_Tu:
Wauzaji wa vichwa vya taa vyenye filta za rangi ndani je? "Kichwa cha rangi, kinafanya kazi vizuri," picha zote kimezimwa. Kikifika, transfoma haipo. Balbu ya halojeni ya volti 24 wati 250 inavuta zaidi ya ampea 10, wewe utaipata wapi hiyo transfoma siku hiyohiyo?

Pembe_Nne:
Transfoma ya volti 24 yenye VA 300 inaiwasha, hiyo siyo kazi. Kazi ni vichwa ambavyo kidhibiti cha volti kipo kwenye boksi la nje. Volti ikicheza, mwanga na rangi vinacheza pamoja, na gredi zako zinahama.

Kirai_Tu:
Changu kina plagi ya pini nyingi na waya umekatwa karibu na kichwa.

Pembe_Nne:
Usiunganishe kitu bado. Fungua kifuniko cha nyuma, fuata waya mbili nene kutoka kwenye soketi ya balbu mpaka kwenye plagi, hizo ndizo za volti 24. Nyembamba mara nyingi ni za feni na swichi ya joto. Tupia picha ya ndani tuone rangi za waya.