Teksi za Mombasa: nani alifikiria abiria, na nani alifikiria dereva?

Jamani, leo niacheni niseme. Jumanne nilikwenda kumtoa mama hospitali. Kapasuliwa nyonga, na daktari amesisitiza asikalie kiti cha chini wala asiukunje mguu sana. Nikaita teksi kwa simu, ikaja Vitz, kale kagari kadogo ka Toyota. Kiti kiko chini, mlango mwembamba. Tulimwingiza kitako mbele, mimi nimemshika kwapani, dereva kabeba miguu, na mama analia mbele za watu. Mtu mzima yule, mwenye heshima zake! Kiti chake cha magurudumu buti lilikikataa, ikabidi kifuate nyuma kwa tuktuk, nauli nyingine hiyo.

Dereva simlaumu hata kidogo. Mzee wa watu amekalia taulo lililokunjwa kwa sababu ya mgongo, kiti bado kina nailoni, na joto hili la kwetu mnalijua. AC hawashi. "Mwanangu, nikiwasha, mafuta yatakula hela ya mwenye gari." Anakaa humo tangu alfajiri mpaka usiku.

Na msiniambie nipande tuktuk. Mashimo ya Kisauni na nyonga yenye mshono?

London, tangu mwaka 2000, kila teksi nyeusi ni lazima iweze kubeba abiria na kiti chake cha magurudumu. Japani, Toyota walitoa JPN Taxi mwaka 2017, gari lililoundwa liwe teksi tangu mwanzo: mlango wa nyuma wa kuteleza, sakafu kama sentimita 32 tu kutoka chini. Haya, tuseme hayo ni ya wenye pesa. Lakini Toyota Sienta, lile gari la familia, si zinashushwa hapa hapa bandarini Kilindini? Milango ya nyuma inateleza, sakafu iko chini, mtu anaingia bila kubebwa kama gunia. Wanunuzi wanachukua Vitz kwa kuwa ni rahisi na hainywi mafuta, na anayetoa leseni haulizi. Breki na taa zitakaguliwa. Je, mgonjwa ataingiaje? Dereva atakaaje humo kwa muda wa saa kumi na mbili? Hilo halimo kwenye fomu, na ndilo ninalotaka liingizwe.

Alhamisi ijayo mama anarudi kliniki. Mwenye Sienta anayefanya teksi upande wa Kisauni aniandikie hapa. Tunatoka saa moja asubuhi.