Mdogo wangu kapata chumba mlimani Wayanad, tuangalie nini kabla hajalipa kodi?

Kibo_Junior: Wakuu habari zenu. Mdogo wangu anasoma India, jimbo la Kerala, kapata chumba cha bei nafuu Wayanad karibu na mashamba ya chai, ila pembeni kuna kijito na huko juu ni milima mitupu. Anasema mteremko wa nyumba si mkali. Mvua za kule zinaanza Juni na mimi tangu yale maporomoko ya Wayanad ya 2024 roho haitulii kabisa.

MtuWaKatesh: Mkuu usiishie kwenye mteremko wa nyumba, angalia kilichoko juu yake. Huku Hanang tarehe 3 Desemba 2023 mlima ulimeguka huko juu, tope na mawe na magogo yakashuka na makorongo mpaka Katesh mjini, watu wako chini kabisa huku.

Dada_wa_Soni: Ndo ilivyokuwa na Wayanad. Mvua milimita 572 ndani ya masaa 48, ardhi ikakatika juu, tope likafuata mto kama kilomita 8 likapita vijiji vya Mundakkai na Chooralmala usiku wa kuamkia Julai 30, watu wamelala, wakafa zaidi ya 200. Na jirani tu hapo, Puthumala, paliporomoka 2019. Kwa hiyo hicho kijito ndo kinanitisha. Kama kimejaa mawe makubwa makubwa, jua maji hayo yameshawahi kuyasukuma kutoka juu. Pia azunguke nyuma ya nyumba aone kama kilima kimechongwa wima kupata kiwanja, nyufa mpya ukutani au ardhini, miti iliyoinama, milango iliyoanza kukwama.

MtuWaKatesh: Na kijito kikibadilika ghafla kuwa tope au kikipungua maji huku mvua inanyesha, aondoke saa hiyohiyo, akimbilie pembeni kwenye mwinuko, asifuate bonde.

Kibo_Junior: Nashukuru sana. Si kuna tahadhari za mvua za rangi, akisubiri nyekundu ile ya juu kabisa si inatosha?

Dada_wa_Soni: Hapana kaka, asisubiri! 2024 Wayanad walikuwa kwenye rangi ya chungwa, nyekundu ilitoka asubuhi ardhi imeshashuka. Ikitangazwa chungwa na mvua imenyesha siku mbili mfululizo akalale kwa rafiki mbali na korongo, begi lenye pasipoti, tochi na dawa liwe tayari. Na kabla hajalipa amuulize mwenye nyumba, mvua za 2018 na 2019 walilala wapi.