Ngozi ya bebe mchanga: bamama na bababa wa Goma, Bukavu na L'shi (Lubumbashi) tupeane uzoefu

Mama wa Himbi, Goma

Jambo wote. Nimefungua hii mazungumzo juu niko na mtoto wa tatu, angali mdogo, na kila mtu mwenye anaingia nyumbani kumuona anafika na kachupa kake. Huyu ameleta pudre, mwingine pomadi ya kunukia, jirani analeta mafuta anasema yametoka Kampala, yaya yangu, yaani mkubwa wangu, naye anasema hapana, manyanga tu, yale mafuta ya kokwa za michikichi, hakuna kingine. Ukienda soko ya Virunga ndiyo unachoka kabisa, meza nzima imejaa vitu vya bebe, vingine hata hawakuandika mle ndani kuna nini. Mimi naamini kitu moja na nitaisema mapema: ngozi ya mtoto mchanga haitaki vitu mingi. Maji safi, mikono safi, kumkausha vizuri kwenye mikunjo, mafuta moja isiyo na harufu, basi. Lakini najua kila nyumba iko na yake, kwa hiyo mutuambie: ulipaka nini, ikatokea nini, munganga (daktari) akasema nini.

Naanza na yangu. Huyu wa tatu alipozaliwa, mama mkwe alikuwa tayari anauliza maji ya moto iko wapi, juu kwao mtoto anaogeshwaka palepale, anasuguliwa na sabuni mpaka ule utelezi mweupe wote utoke. Mkunga akamuambia kwa heshima, "Mama, tumuache kwanza, hata mpaka kesho." Akamueleza kwamba ule weupe si uchafu, mtoto ametoka nao tumboni, unamlinda ngozi na unamsaidia asipoteze joto, na OMS yenyewe, Shirika la Afya Duniani, inasema kuoga kwa kwanza kungoje saa 24. Na Goma hapa tuko juu, karibu mita 1,500, usiku baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, mtoto mwenye amelowa anapoa haraka sana. Mama mkwe alinyamaza kidogo, halafu yeye mwenyewe ndiye alimfuta damu na kitambaa laini akanipatia nimuweke kifuani. Ngozi ya huyu haikupasuka kama ya wakubwa wake. Sisemi ni juu ya hiyo peke yake, lakini niliona.

Baba ya mapacha, Bukavu (Kadutu)

Asante Mama Himbi kwa kutuita na sisi bababa. Mapacha yetu walizaliwa mbele ya wakati, ngozi ilikuwa nyekundu, nyembamba mpaka unaona mishipa, nilikuwa naogopa hata kuwagusa na kidole. Kuveze, yale masanduku ya kutia joto watoto wachanga, zilikuwa zimejaa, basi muuguzi akatufundisha njia ya kangaruu. Mtoto anavaa pampasi, kofia na soksi tu, unamlaza kifuani kwako ngozi kwa ngozi, wanakufunga na kikwembe, unabaki vile mchana na usiku. Juu walikuwa wawili, mke wangu alibeba mmoja na mimi mmoja. Muuguzi alisema njia yenyewe ilianzia Bogotá, kule Kolombia, mwaka 1978, sababu ilikuwa hiyo hiyo, kuveze hazikutosha.

Chenye kilinifundisha sana ni vile alitueleza ngozi ya mtoto kama huyo. Haijakomaa, maji inatoka mwilini kupitia ngozi, joto inatoka pale pale, na vijidudu vinaingia pale pale. Ndiyo maana walitukataza manukato, walitukataza pete na saa, tulikuwa tunanawa mpaka kwenye viwiko. Hata kubandua plasta walikuwa wanafanya polepole sana, na maji, juu ukivuta inaondoka na ngozi. Baada ya siku kadhaa wakaanza kupaka mafuta ya alizeti, kidogo, bila kusugua, wakasema huko Bangladesh waganga walijaribu kwa watoto waliozaliwa mapema na maambukizo yakapungua. Tate yao (nyanya yao) alitaka kuleta mawese kutoka nyumbani, muuguzi akamuambia mawese uyakule wewe Mama upate nguvu ya kuwabeba, hawa tuwaachie ya alizeti. Tate akafurahi, akakubali. Leo wanakimbia hapa nyumbani wanavunja kila kitu.

Mama Katuba, L'shi

Bamama jambo, na Baba Mapacha Mungu awalinde. Huku kwetu Lubumbashi adui wa kwanza wa ngozi ya mtoto mi nasema si baridi, ni ile nzi yenye inatagaka mayai ku nguo zenye ziko zinakauka inje. Unafula vizuri, unaanika chini ya mwembe ao ku majani, unavalisha mtoto, hauone kitu. Mayai inapasuka, kadudu kanaingia mu ngozi, unaona kapele unasema ni mbu, kanakuwa kakubwa, kanakuwa jipu, na katikati kuna katundu kadogo kenye kanatoa maji. Mtoto wa mdogo wangu alikuwa nazo ku matako na ku mugongo, usiku analia halali, wakampima malaria, hakuna, wakapatia antibiotiki, hakuna, mpaka shangazi yetu alitoka Likasi akamuvua nguo akaangalia akasema hii si jipu, hii iko inapumua. Akapaka vazelini nene pale ku katundu, akangoja, kadudu kakakosa hewa kakaanza kutoka, akaminya polepole kutoka pande mbili kakatoka kazima. Kama hakatoki musilazimishe, kakikatika ndani inaoza, mupeleke kwa munganga.

Sasa dawa ya kweli ni pasi. Kila kitu chenye kilikauka inje, nguo, vitambaa, shiti, kitambaa ya kumubebea, yote inapita ku pasi ya moto kabisa, pande zote mbili, musisahau mishono na lastiki juu mayai inapenda kukaa mle. Na delestaji ya huku, ile ya kukata umeme, kila mutu anaijua, kwa hiyo pasi ya makala (makaa) haikosake kwangu. Siku makala imekwisha naanika ndani ya nyumba, dirisha iko na wavu. Wengine banasema wewe weka nguo mu sanduku siku mbili mayai itakufa. Hapana, kale kadudu kanaweza kungoja hata zaidi ya juma moja bila kupata ngozi.

Halafu mu mwezi wa sita na wa saba, baridi na vumbi nyekundu, ngozi ya mtoto inakuwa nyeupe inakwaruza. Mi naogesha haraka, maji ya vuguvugu, sabuni kidogo mara moja kwa siku mbili, namukausha kwa kumugusa-gusa na taulo bila kusugua, na mafuta napaka palepale ngozi ingali na unyevu. Ukingoja ikauke kabisa mafuta inakaa juu tu.

Dada wa Nguba, Bukavu

Mie swali fupi tu. Pudre, mnapaka ao hamupaki? Dada yangu anamwaga shingoni na katikati ya miguu mpaka chumba inakuwa na moshi.

Muuguzi wa Majengo, Goma

Dada wa Nguba, hapana. Pudre inaruka, mtoto anaivuta puani inaingia kwenye mapafu, na ile yenye inabaki kwenye mikunjo inashikana na jasho inakuwa mabonge yanakwaruza. Mkunjo unataka kukauka, kitambaa laini kinatosha.

Kwa vile niko hapa niseme yenye inaniumiza moyo kila juma kazini. Mama anakuja na bebe wa miezi miwili, vipele vidogo usoni, vile vya kawaida vyenye vingeondoka vyenyewe, lakini alikwenda farmasi wakamuuzia katubu kenye mchanganyiko wa dawa tatu, ya fangasi, ya bakteria na kortikoidi, ile dawa kali ya kutuliza uvimbe na mwasho. Siku ya pili uso umekuwa safi, anafurahi, anaendelea. Akiacha, vinarudi na nguvu, anapaka tena. Baadaye mashavu yanakuwa mekundu, ngozi imekuwa nyembamba, mishipa inaonekana. Mama hana kosa, aliuziwa kama dawa ya bebe. Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yetu, na ukilinganisha na uzito wake, iko na ngozi nyingi kuliko mtu mkubwa, kwa hiyo chenye unapaka kinaingia damuni kwa wingi zaidi. Ukipaka chini ya pampasi, pale pamefungwa, ndiyo kinaingia kabisa.

Tafadhali mugeuze boksi musome. Mukiona klobetazoli ao betametazoni, musipake bebe mpaka munganga amemuona na amewaambia siku ngapi. Mukiona idrokinoni ao zebaki, hiyo ni ya kujichubua, isiguse mtoto hata kidogo, na mama mwenye anaipaka mwilini mwake ajue mtoto anamlalia kifuani usiku kucha na ananyonya palepale. Sisemi hii kwa kuhukumu mtu. Nasema juu bebe hawezi kusema inamuwasha.

Mama wa Himbi, Goma

Muuguzi asante sana. Sasa tueleze na ya mpox, ile ndui ya nyani, juu hapa kwetu mtoto akitoka kapele kamoja mtaa mzima unakimbia.

Muuguzi wa Majengo, Goma

Ndiyo, na ninawaelewa. OMS ilitangaza hali ya dharura tarehe 14 Agosti 2024, na chanjo katika nchi yetu ilianzia hapa hapa Goma tarehe 5 Oktoba mwaka ule, watu wameona watoto wakiugua kwenye kambi, hofu haikutoka hewani. Basi angalia hivi. Vipele vya joto ni vidogo sana, viko shingoni, mgongoni, kwapani, pale nguo zimembana, mtoto hana homa, ananyonya, ukimpunguzia nguo vinaondoka. Mpox mara nyingi inakuja na homa, tezi zinavimba, vipele ni vikubwa, vinajaa maji halafu usaha, vinaweza kutoka kwenye viganja, nyayo na mdomoni. Ukiona hivyo usipake kitu, usimpe jirani amshike, taulo na shiti yake ziwe peke yake, mlete kituoni. Na kuna upele wa kuwasha, ule wa kidudu cha kuchimba ngozi, kwa bebe unatoka hata kwenye nyayo na kichwani, usiku hamlali. Huo tunatibu nyumba nzima siku moja, hata baba mwenye anasema yeye haimuwashi, la sivyo unazunguka tu kati yenu.

Mama Birere, Goma

Mimi binti yangu alizaliwa na doa kubwa la bluu kwenye matako mpaka kiunoni, na lingine begani. Mke wa kaka alisema kwa sauti mbele ya wageni kwamba mtoto amepigwa, mwingine akasema mambo ya ndoki (uchawi), nililia sana wiki ile. Nilimpeleka kliniki ya chanjo, muuguzi alitabasamu akasema nusu ya bebe wenye anapima hapo wako nayo, ni rangi tu ya ngozi yenye imekaa chini zaidi, haiumi, haitibiwi, inafifia mtoto akikua. Nilimuomba aiandike kwenye kadi ya mtoto na akaiandika. Bamama wenye watoto wao wako na doa hizo muombe na ninyi liandikwe, siku mtu akiuliza unafungua kadi.

Mama Kenya, L'shi

Ya pampasi hakuna mwenye amesema. Wetu alikuwa anaunguaka matakoni kila akianza kuhara. Nilikuwa napaka pomadi ya zinki, nene, na kumuacha uchi juu ya kikwembe saa za jua ya asubuhi, inapona. Lakini mara moja ilikataa, ikawa nyekundu kabisa mpaka ndani ya mikunjo, na pembeni vidoti vidogo vidogo. Munganga akasema hii ni fangasi, zinki peke yake haitoshi, akatupatia nistatini, akaangalia na mdomoni akakuta weupe kwenye ulimi, tukatibu pande zote mbili. Na ile vitambaa vya kufuta vyenye manukato niliacha, ni kotoni na maji tu.

Dada wa Bagira, Bukavu

Samahani naingia na haraka. Mtoto wetu amezaliwa juzi, leo ngozi naona imekuwa kama manjano, macho pia. Mama mkubwa anasema tumuanike kwa jua ya asubuhi itaisha. Tufanye vile?

Muuguzi wa Majengo, Goma

Dada, jua haitoshi, na kumuacha uchi inje huko Bukavu atapata baridi. Manjano kidogo siku ya pili ao ya tatu inatokea kwa watoto wengi, lakini kuna yenye inapanda haraka na inaweza kuharibu ubongo, na kwa macho tu hatuwezi kujua ni ipi, lazima wapime. Mpeleke dirishani penye mwanga, bonyeza ufizi na ncha ya pua uachilie, angalia rangi, halafu angalia viganja na nyayo. Kama manjano imefika kwenye nyayo, kama ilianza siku ile ile ya kuzaliwa, kama analala tu hanyonyi ao analia kwa sauti kali isiyo ya kawaida, ondokeni sasa hivi, musingoje kesho. Na hata kama hana hizo, apimwe leo. Muulize mbele kama kituo iko na taa ya bluu ya kutibia, kama hawana muende moja kwa moja penye iko. Beba kadi ya kuzaliwa na uwaambie kundi lako la damu. Mnyonyeshe mbele ya kutoka na mnyonyeshe njiani.