Bonde la mpunga Pemba: nitajuaje kama lori litapita kabla halijazama?

pimamaji_wete
Assalaam alaykum wakubwa. Kuna bonde la mpunga huku upande wa Wete, upana kiasi cha mita 180, udongo wake ni kinamo cheusi, yaani mfinyanzi. Tunatakiwa kuvusha vifaa vya mnara kwa malori ya ekseli tatu, safari 40 kwenda na kurudi, kabla vuli haijakolea. Juu pamekauka, mtu anatembea bila kuacha hata alama ya kisigino. Nasikia wahandisi wa jeshi wana kipimo cha kujua ardhi itastahimili mapito mangapi. Kinafanywaje? DCP, ile fimbo ya koni inayopigiliwa ardhini kwa nyundo, ya kuazima ipo.

fundi_ardhi
Waalaykum salaam. Kisigino kiache, hakijawahi kubeba ekseli.

Kipimo hicho kilitoka Waterways Experiment Station, maabara ya wahandisi wa jeshi la Marekani iliyoko Vicksburg, Mississippi. Ni fimbo ya chuma yenye koni ya nyuzi 30 nchani, kitako chake nusu inchi ya mraba, na saa ya kusomea juu. Unaididimiza kwa mikono, mwendo mmoja bila kushtua, unasoma kila sentimita 15. Kwa malori ya kawaida namba inayohesabika ni wastani wa kati ya sentimita 15 na 30. Ganda lililokauka juu ndilo linalowadanganya watu: lori la kwanza hupita, la tatu hulivunja, la nne hulala kwenye matope.

Halafu kinamo kikivurugwa na matairi hulegea, na koni peke yake haikwambii hilo. Kwa hiyo unajaza sampuli ya tabaka lile kwenye silinda, unaipima kwa koni, unaipiga mapigo 100 kwa nyundo ya kilo 1.1 inayoanguka sentimita 30, unaipima tena. Gawa cha pili kwa cha kwanza. Tuseme koni imetoa 90 bondeni na mgao ni 0.6: nguvu uliyonayo ni 54, si 90. Hiyo ndiyo unayolinganisha na namba ya gari, yaani nguvu ya ardhi ambayo gari hilo linahitaji ili lipite, na kila gari lina mbili, ya kupita mara 1 na ya kupita mara 50. Angalia pia hesabu yako. Safari 40 kwenda na kurudi ni mapito 80.

KokotoNaKifusi
Kwa DCP inawezekana, ila usikurupuke na fomula. Nyundo kilo 8, anguko milimita 575, koni nyuzi 60, kipenyo milimita 20. Mlinganyo wa kawaida ni CBR = 292 ÷ DPI^1.12; CBR ni kipimo cha uwezo wa ardhi kubeba mzigo, na DPI ni milimita koni inazozama kwa pigo moja. Ukipata milimita 60 kwa pigo, huo unakupa CBR 3 hivi. Lakini wahandisi hao hao wana milinganyo mingine ya mfinyanzi laini: ule wa mfinyanzi usionata sana unatoa 1 kwa milimita zile zile, wa mfinyanzi mnato sana unatoa karibu 6. Sampuli iende maabara kwanza ikapimwe kikomo cha maji, yaani kiwango cha maji ambacho udongo ukikifikia huanza kutiririka. Kikizidi 50 ndio huo mnato sana.

Kosa jengine: kinamo hukumbatia fimbo, mapigo yanaongezeka, unaandika ardhi ngumu isiyokuwepo. Paka fimbo mafuta na uizungushe kila baada ya mapigo machache. Ikigoma kuzunguka, lifute shimo hilo.

ramani_na_miba
Pima kila mita 20 katika mistari mitatu, na uongeze mashimo penye mfereji wa zamani, maana hapo ndipo bonde linapofia. Alama za simu ziko kwenye WGS84, mfumo wa kuratibu mahali unaotumiwa na GPS. Ramani ya karatasi ikiwa imeandikwa Arc 1960 pembeni, yaani mfumo wa zamani, usizihamishe kwa macho: tofauti ni kama mita 300, yaani utapima kwenye kilima ukidhani uko bondeni.

pimamaji_wete
Ahsanteni sana. Nikikuta CBR 1 au 2? Kumwaga kifusi tu hakutoshi?

KokotoNaKifusi
Kifusi kitamezwa, shekhe. Tandika kitambaa cha jeoteksitaili, kile cha kutenganisha udongo na kifusi, juu yake jeoseli, yaani paneli za vyumba vyumba kama sega la nyuki zinazojazwa mchanga. Nazo zilianzia Vicksburg hapo hapo, miaka ya 1970, kwa ajili ya kuvusha magari ya jeshi kwenye mchanga wa ufukweni. Paneli ya kijeshi ikikunjuliwa ni mita 6.1 kwa 2.4, kina sentimita 20. Mita 180 kwa paneli mbili ubavu kwa ubavu ni paneli 60, na mchanga wa kujaza karibu mita za ujazo 175, bila kuhesabu sentimita 5 za kufunika juu. Kibali cha mchanga kianze kufuatiliwa leo, hicho ndicho kitakachokuchelewesha kuliko kinamo.

Zivute kwa vigingi, jaza vyumba vya pembeni kwanza, na lori lisikanyage vyumba vitupu hata mara moja, vitalala na hutaviinua tena.

fundi_ardhi
Na weka mabomba ya kupitisha maji chini ya tuta kabla ya kutandika chochote. Usipoweka, mashamba ya upande wa juu yatageuka bwawa, kinamo kitalowa upya kutokea chini, na vipimo vyote ulivyochukua havitakuwa na kazi. Kila shimo lipimwe tena baada ya mvua ya kwanza.